Kumasta albamu kwa terminali: loudnorm inapandisha na kushusha sauti yenyewe, MP3 zinapasuka

Kinanda_Kilosa

Habari za kazi wakuu. Nina albamu ya kwaya, nyimbo 10, miksi zote zimetoka Ardour (programu ya kurekodi na kuchanganya) zikiwa WAV za stirio, 48 kHz, biti 24. Laptopu ni ya zamani, RAM 4 GB, ikibebeshwa plagini nyingi inakwama. Kwa hiyo kumasta (hatua ya mwisho ya kuandaa sauti) nataka nifanye kwa kamandi tupu, ffmpeg na SoX, kwenye Linux Mint. Kwa kila wimbo natumia hii:

```
ffmpeg -i 03_miksi.wav -af loudnorm=I=-9:TP=-1 03_masta.wav
```

Matokeo yake:

1. Faili linatoka kubwa ajabu. `soxi` inasema 192000 Hz, biti 16.
2. Utangulizi wa sauti moja na kinanda unapanda wenyewe, halafu ngoma zikiingia kila kitu kinazama na kurudi polepole.
3. WAV haipasuki, ila nikiigeuza MP3 ya 320 inapasuka kwenye spika ya Bluetooth.
4. Kwenye simu soprano zinafifia sana. Ukivaa hedifoni zinarudi.

Lengo ni isikike sawasawa na nyimbo nyingine redioni na kwenye flashi. Nianzie wapi?

---

fundi_mawimbi

Salama mkuu. La 1 na la 2 yana chanzo kimoja. `loudnorm` ukiipa kamandi ya mara moja bila vipimo, haimasti kitu: inashika kitufe cha volyumu na kukizungusha wimbo mzima. Inatazama kama sekunde 3 za sauti kwa wakati, ikiona pako kimya inapandisha, ikiona pana kelele inashusha. Kwa kipindi cha mazungumzo ni sawa. Kwa kwaya inayoanza na mwimbaji mmoja ni kuua wimbo. Chujio hili limetengenezwa kwa kipimo cha utangazaji cha EBU R128, na usipoliambia kitu linalenga -24 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia).

Hiyo 192 kHz inatokana na chujio lenyewe: linapanua sampuli ili lione vilele halisi, na usipoandika `-ar 48000` linakuachia faili hivyohivyo. Biti 16 nazo ni kwa sababu ffmpeg ikiandika WAV bila kuambiwa inachagua `pcm_s16le`. Yaani kwa sekunde moja unapata baiti 768,000, kama MB 46 kwa dakika, na huku umeshapoteza biti 8 za miksi yako.

Utaambiwa utumie `loudnorm` kwa mizunguko miwili na `linear=true`. Ni nafuu, ila kuna mtego. Kama kuongeza sauti kwa kiasi kimoja kutavusha kilele juu ya TP (dari ya vilele) uliyoweka, au LRA ya wimbo (tofauti ya sehemu za kimya na za kelele) ni kubwa kuliko LRA uliyolenga (usipoandika ni 7), inarudi kwenye kupandisha na kushusha. Weka `print_format=json` kwenye mzunguko wa pili, kisha soma mstari wa `normalization_type`. Ukikuta `dynamic`, ujue imekukatalia. Kwa lengo la -9 itakukatalia karibu kila wimbo.

Achana nayo. Anza kwa kupima miksi, usibadilishe kitu:

```
for f in *_miksi.wav; do
  echo "$f"
  ffmpeg -nostdin -hide_banner -nostats -i "$f" \
    -af ebur128=peak=true:framelog=verbose -f null - 2>&1 \
    | grep -E '^ +(I|LRA|Peak):'
  sox "$f" -n stats 2>&1 | grep -E 'DC|Pk lev|RMS lev|Flat'
done
```

`I` ni ukubwa wa wimbo mzima kwa LUFS, `Peak` ni kilele halisi, pamoja na kile kinachojificha katikati ya sampuli mbili. `Flat factor` ya SoX ikiwa 0.00 kila safu ni salama. Ikianza kupanda, kuna mahali vilele vimekatwa bapa kwenye miksi yenyewe. Hapo rudi Ardour, hakuna masta itakayoponya.

Hilo `-nostdin` usiliache. Siku ukibadilisha `for` kuwa `while read`, ffmpeg itameza orodha yako ya majina na utabaki na wimbo mmoja uliopimwa.

Tatizo la 4 ni fazi: mawimbi ya kushoto na kulia yanapingana na kufutana. Pima katikati na pembeni:

```
sox 03_miksi.wav -n remix 1v0.5,2v0.5 stats
sox 03_miksi.wav -n remix 1v0.5,2v-0.5 stats
```

Ya kwanza ni kile simu ya spika moja itakachopiga. Ya pili ni kile itakachokitupa. Linganisha `RMS lev dB` (wastani wa nguvu ya sauti). Miksi ya kawaida, ya kwanza huizidi ya pili kwa desibeli kadhaa. Zikikaribiana, au ya pili ikiwa kubwa, kuna kitu kimepanuliwa kupita kiasi. Leta namba za nyimbo mbili, ule wenye ngoma nyingi na ule wa polepole.

---

SikioLaPili

Kabla hajaleta namba: lengo la -9 umelitoa wapi? Spotify inasawazisha kwa -14 LUFS, na YouTube nayo inashusha nyimbo zinazozidi kiasi hichohicho. Ukipeleka -9, Spotify inakushusha desibeli 5. Unabaki na wimbo uliobanwa unaosikika mdogo kuliko ule ulioachwa upumue. Mimi ningepeleka yote kwa -14 na kilele -1, basi.

---

fundi_mawimbi

Kwa Spotify uko sahihi. Ila soma alichoandika: redio na flashi. Flashi haisawazishi kitu. Wimbo wa -14 ukiwekwa kwenye daladala kati ya nyimbo mbili za -8, dereva ataongeza volyumu kisha atakulaani wimbo unaofuata. Kwa kwaya yenye ngoma na gitaa la besi, -12 hadi -11 kwa wimbo wenye nguvu kuliko yote ni mahali pa kusimama. Kwenye Spotify utashushwa desibeli 2 au 3, haitaumiza, na kwenye flashi hutaachwa mbali sana. Ila isiwe -14 *kwa kila wimbo*. Hapo ndipo albamu inapokufa: wimbo wa toba unalingana na wa kucheza.

---

Kinanda_Kilosa

Asanteni. Namba hizi hapa.

03 (ngoma na makofi): I -19.4 LUFS, LRA 8.2, Peak -3.1. Katikati RMS -24.1, pembeni RMS -21.8. Flat 0.00.

07 (polepole, kinanda tu): I -23.0 LUFS, LRA 10.5, Peak -6.5. Katikati RMS -24.9, pembeni -32.0.

DC offset zote ni sifuri.

---

fundi_mawimbi

Safi, hesabu inajieleza yenyewe.

Anza na fazi ya 03. Pembeni inazidi katikati kwa 2.3 dB, wakati 07 katikati inazidi kwa 7. Kwa hiyo kinanda chako hakina hatia, kilichoharibika kipo 03 peke yake, na kwa dalili zako ni kundi la soprano. Mara nyingi ni plagini ya kupanua stirio, au mtu amechukua rekodi moja akaiweka kushoto na kulia, upande mmoja ukacheleweshwa milisekunde chache au ukageuzwa polariti (wimbi limepinduliwa juu chini). Fungua Ardour, bonyeza kitufe cha polariti (Ø) kwenye chaneli moja ya soprano huku unasikiliza kwa mono. Zikijaa ghafla, umempata mwizi. Usijaribu kulitibu hili kwenye masta kwa kupunguza pembeni, maana utapunguza na gitaa na mwangwi wote.

Sasa ukubwa. Kutoka -19.4 hadi -12 ni kuongeza 7.4 dB. Kilele cha -3.1 kitafika +4.3. Dari tunaiweka -1.2, kwa hiyo limita (chujio linalozuia vilele visivuke dari) itatakiwa kula 5.5 dB kwenye kila pigo kubwa. Ni nyingi. Kwa limita ya ffmpeg, hadi 3 dB huisikii. Ikifika 4 makofi yanaanza kulainika. Ikizidi hapo besi inatetemeka kila kiki (ngoma ya mguu) inapopiga. Na kwa lengo lako la -9 ingebidi ile 8.5.

Kwa hiyo zile 2.5 zilizozidi zitoe kwenye miksi. Tafuta nani anatengeneza vilele. Kata wimbo vipande:

```
for s in 0 20 40 60 80 100; do
  echo "$s"; sox 03_miksi.wav -n trim $s 20 stats 2>&1 | grep 'Pk lev'
done
```

Nina uhakika kiasi ni makofi au sneya. Punguza hiyo traki 2 dB, au weka limita nyepesi kwenye basi ya ngoma (chaneli inayokusanya ngoma zote) pekee, ipunguze 2 hadi 3. Kwaya haitaguswa. Ukitoa miksi upya, toa float (namba za desimali) ya biti 32 ukipenda, lakini basi ianze ffmpeg, si SoX. SoX ndani yake inafanya kazi kwa namba kamili za biti 32, hivyo chochote kilichovuka 0 dBFS (kikomo cha juu cha faili la namba kamili) kwenye float kinakatwa pale inaposoma faili, hata kabla ya efekti ya kwanza. ffmpeg inakiacha kizima mpaka ukishushe mwenyewe kwa `volume=-6dB`.

Mnyororo wenyewe:

```
ffmpeg -i 03_miksi.wav -af "aformat=sample_fmts=dblp,\
highpass=f=28,\
equalizer=f=280:t=q:w=1:g=-1.5,\
acompressor=threshold=0.1:ratio=1.6:attack=30:release=200:knee=6,\
volume=7.4dB,\
aresample=192000,\
alimiter=limit=0.87:attack=5:release=80:level=false,\
aresample=48000" -c:a pcm_s24le 03_masta24.wav
```

Vitu ambavyo watu huvikosea humo:

`aformat` ya mwanzo si pambo. WAV ya biti 24 ikiingia, ikwalaiza za ffmpeg zinaweza kuamua kufanya kazi kwa namba kamili, na ukiongeza masafa fulani zinakata. Ukiona onyo la "clipping" kwenye terminali, sababu ni hiyo. `dblp` inalazimisha desimali.

`threshold` na `limit` zinaandikwa kwa uwiano: 0.1 ni -20 dB, 0.5 ni -6, 0.87 ni -1.2. Kanuni ni 10 kwa kipeo cha dB gawanya 20. Kuandika `-20dB` pia inakubali. Kuandika `-20` peke yake ndiko kunakoleta kosa.

`level=false` ni lazima. Usipoiweka, `alimiter` ikimaliza kubana inapandisha tena sauti yote hadi dari iwe 0, na ile -1.2 yako imekufa. Nadhani hii ndiyo inayoongoza kwa kuwasumbua watu.

Kupanda hadi 192000 kabla ya limita ni kwa sababu `alimiter` inaona sampuli tu, haioni kilele kilicho katikati yake. Ukipanua mara 4, vingi vinaonekana. Kurudi 48000 kunainua vilele kidogo tena, ndiyo maana dari ni -1.2 kwa lengo la -1.

Kompresa (`acompressor`, inapunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo): uwiano wa 1.6, haitakiwi kusikika. Ikiwa kwaya inapumua kila kiki inapopiga, ongeza `release` hadi 300 au pandisha `threshold` hadi 0.16. Ile 280 Hz ni mfano tu wa mahali panapojaa kinanda na sauti za kiume zikikutana, sikiliza yako. Zaidi ya 2 dB kwenye ikwalaiza ya masta ni dalili kwamba kazi ni ya miksi. Na kompresa ikishakula kidogo, hutafika -12 kamili, utaishia -12.5 hivi. Pima, rekebisha `volume`, pitisha tena kutoka miksi, si kutoka masta iliyokwisha kupita.

07: uongeze kiasi kilekile cha 7.4, ufike -15.6. Kilele kitakuwa +0.9, limita inakula 2.1 tu. Unabaki chini ya 03 kwa 3.6, na mimi ningeuinua labda 1 dB, basi. Wimbo wa polepole ukiwa chini ya wa ngoma kwa 2 hadi 4 msikilizaji anauona wa kawaida.

---

SikioLaPili

Kwa -12 nimekubali. Nyongeza: akilinganisha kabla na baada, ashushe masta kwanza, la sivyo kitakachopiga kwa nguvu ndicho kitakachoonekana kizuri:

```
ffplay -nodisp -autoexit -ss 75 -t 20 03_miksi.wav
ffplay -nodisp -autoexit -ss 75 -t 20 -af volume=-6.9dB 03_masta24.wav
```

Hiyo 6.9 ni tofauti ya LUFS za faili mbili alizopima, si namba ya kukariri. Zikishalingana, kama masta inasikika bapa kuliko miksi, limita imezidi.

---

bash_na_besi

Besi kwenye sabufa za mtaani. Chini ya 120 Hz iwe mono, kinanda cha besi chenye korasi ya stirio kikipigwa kwenye sabufa moja kinajimeza. Hiki kipande kinakaa kabla ya kompresa:

```
ffmpeg -i 03_miksi.wav -filter_complex \
"[0:a]aformat=sample_fmts=dblp,acrossover=split=120:order=4th[c][j];\
[c]pan=stereo|c0=.5*c0+.5*c1|c1=.5*c0+.5*c1[cm];\
[cm][j]amix=inputs=2:normalize=0" -c:a pcm_f32le 03_besi.wav
```

Bila `normalize=0`, `amix` inagawa kwa mbili na wimbo unashuka 6 dB. Na alama za kunukuu zisiachwe, vinginevyo ule mstari wima wa `pan` bash inauchukulia ni bomba.

Kama unataka kusikia limita ikifanya kazi papo hapo, tumia ecasound na plagini za LADSPA za swh. Mashine yako itaiweza bila shida:

```
ecasound -f:f32_le,2,48000 -i 03_besi.wav -o alsa,default \
  -eli:1913,6,-1.2,0.3
```

1913 ni limita inayotazama mbele. Namba zinazofuata ni desibeli za kuingiza, dari, na sekunde za kuachia. Nayo haioni vilele vya katikati ya sampuli, hivyo kwa kutoa faili la mwisho baki na mnyororo wa hapo juu.

Ukitumia `compand` ya SoX badala ya `acompressor`, andika jozi moja tu ya attack na decay. Ukiandika jozi mbili, kila upande unabanwa kivyake na mwimbaji wa katikati anaanza kutembea kushoto na kulia.

---

Kinanda_Kilosa

Soprano ilikuwa polariti kweli, chaneli ya kulia imegeuzwa. Nimeirudisha, na makofi nimeyashusha. Sasa 03: katikati -20.9, pembeni -27.3, kilele -5.4 kwa I -19.1. Limebaki la MP3 na lile la biti 16. Redio moja imeomba WAV ya 44.1.

---

fundi_mawimbi

Hapo sasa. Ukiongeza 7.1 kilele kinafika +1.7, limita inakula 2.9. Umeingia ndani ya mstari.

WAV ya 44.1 ifanye SoX:

```
sox 03_masta24.wav -b 16 03_redio.wav fade h 0.01 -0 2 rate -v 44100 dither -s
```

Mpangilio usiugeuze. `fade` mwanzo, `dither` (ditha, kelele ndogo ya makusudi inayoficha makosa ya kupunguza biti) mwisho kabisa, kwa sababu kitu chochote kinachozidisha namba baada ya ditha kinaifuta. Hizo sekunde 2 za kufifisha zihesabie kwenye mkia wa mwangwi, si kwenye neno la mwisho. SoX inaongeza ditha yenyewe ukipunguza biti hata usipoandika; `-s` inachagua ile inayosukuma kelele kwenye masafa ambayo sikio haliyajali sana. ffmpeg haiweki ditha mpaka uiombe. Ditha ni mara moja tu, kwa hiyo faili la biti 16 lisirudi tena kwenye mnyororo. Kwa Spotify na wengine peleka 24 uliyonayo.

MP3 toa kutoka kwenye 24, si kwenye 16:

```
ffmpeg -i 03_masta24.wav -c:a libmp3lame -b:a 320k 03.mp3
ffmpeg -hide_banner -nostats -i 03.mp3 -af ebur128=peak=true:framelog=verbose -f null -
```

Kupasuka kwako kunatoka hapa. MP3 haihifadhi umbo la wimbi, inalijenga upya, na vilele vinatoka virefu kuliko vya WAV. Wimbo uliobanwa hadi -9 kilele chake kinaweza kuvuka sifuri ukishageuzwa. ffmpeg inafungua MP3 kwa desimali, kwa hiyo inakuonyesha, kwa mfano, `Peak: 0.6 dBFS`. Spika ya Bluetooth haina nafasi hiyo, inakata. Na Bluetooth yenyewe inabana sauti upya kwa SBC au AAC, kwa hiyo usilenge sifuri kamili hata kwenye MP3. Kipimo kikizidi -0.3, usiguse MP3: ongeza `-af volume=-0.7dB` kwenye kamandi ya kwanza, toa upya, pima tena. Watakaoituma kwa WhatsApp, waitume kama dokumenti.

---

bash_na_besi

Moja la mwisho kama nyimbo zako zinaungana bila pengo: `alimiter` inasogeza sauti nyuma kwa muda wa attack, hapa milisekunde 5, na mkia unakatwa kiasi hichohicho. Matoleo mapya yana `latency=true` ya kurekebisha. Angalia kwa `ffmpeg -h filter=alimiter`. Kama yako haina, ongeza `pad 0 0.005` kwenye miksi kwa SoX kabla ya kuanza, halafu kata mwanzo kwa `trim 0.005`.